Kutembea mzunguko vijijini Uingereza: unaanzia kijijini, unapita msituni na mashambani, unarudi pale pale

Jamaa wa kazini aliponiambia Jumamosi twende tukatembee kijijini nikamuuliza tunaenda kwa nani, akasema hatuendi kwa mtu, tunatembea tu, tunaanzia kanisani tunazunguka alafu tunarudi kanisani. Kwetu Korogwe mtu akitembea kilomita nane ujue ana msiba au ana deni. Nikaenda hivyo hivyo kwa ubishi, na nusu saa baadae tuko katikati ya shamba la ngano la mtu, ngano inafika kiunoni, mimi nasubiri tu kuitiwa mwizi na yeye anapiga mluzi.

Hapo ndo nilijifunza kitu ambacho wengi wetu tunaokaa huku tunakikosa, sio kwamba hatupendi kutembea, ni kwamba hatujui kama tunaruhusiwa. Kwahiyo naandika hatua kwa hatua jinsi ya kujipangia mzunguko wako mwenyewe, bila mtu wa kukuongoza, bila kulipia chochote zaidi ya ramani na nauli.

1. Kwanza ujue njia ni ya nani

England na Wales kuna njia za umma zinazokatiza ardhi za watu binafsi, ukizijumlisha zinafika kama maili 140,000. Ardhi ni ya mkulima ila njia ni ya watu wote, na hawezi kuamka tu asubuhi akasema leo nafunga. Zimechorwa kwenye ramani rasmi za halmashauri, utaratibu uliotokana na sheria ya mwaka 1949, na usidhani walipewa bure, Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi wa upande wa Manchester walipanda mlima Kinder Scout bila ruhusa makusudi kabisa, baadhi yao wakaishia jela. (Scotland ni habari nyingine, kule sheria ya 2003 inakuruhusu kutembea karibu kila mahali mradi ustaarabu uwepo.)

Barabarani utaona kibao kimeandikwa Public Footpath, ukishaingia ndani unafuata vimshale vilivyogongomelewa kwenye nguzo na mageti. Mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu peke yao, wa bluu ni wa miguu, farasi na baiskeli pia. Ukikuta maneno Permissive Path hiyo ni hisani ya mwenye ardhi, pita kwa shukrani, siku akiamua kuifunga huna la kumwambia.

Haki yako ni ya kupita, kusimama kupumzika kidogo, kupiga picha, kula kiporo chako pembeni ya njia. Sio haki ya kuwasha moto wa nyama choma wala kuzurura shamba zima. Ukitoka nje ya mstari umeingia kwa mtu, na akikwambia rudi njiani unarudi bila maneno mengi.

Ukikuta kibao cha PRIVATE usigeuze haraka. Mara nyingi kinahusu ile barabara ya kuingilia nyumbani kwa mtu au sehemu ya pembeni, njia yenyewe inaendelea. Angalia ramani kwanza. Mimi mama mmoja alishawahi kunisimamisha na gari lake akauliza nimepotea, nikamuonyesha mstari kwenye ramani, akatabasamu kwa shida akaondoka. Na hili niseme wazi, sisi weusi tutakodolewa macho mara mojamoja huko mashambani, dawa yake niliyoiona inafanya kazi ni kuwahi kusalimia. Vijijini wanasalimiana kama kwetu tu, mjini London ukimsalimia mtu usiemjua anashika mkoba.

2. Ramani, na sio Google

Google Maps haijui habari za mashamba. Unayoitaka ni ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, inayoitwa Explorer, yenye jalada la rangi ya chungwa, kipimo 1:25,000, maana yake sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini, na ina vimraba vya bluu ambavyo kila kimoja ni kilomita moja kwa moja, kwahiyo hata hesabu zikikushinda unahesabu vimraba. Kuna nyingine yenye jalada la pinki inaitwa Landranger, ya 1:50,000, hiyo iache kwa kazi hii kwasababu haionyeshi mipaka ya mashamba, na ukiwa mashambani mipaka ndo kila kitu. Ramani ikisema njia inapita kushoto kwa ua wa miti na wewe uko kulia basi tayari umekosea, hata kama umekosea kwa mita tatu tu, maana mbele huko ua unakua mnene kama ukuta na huvuki tena.

Kwenye Explorer vistari vifupi vya kijani ni njia za miguu za umma, vistari virefu vya kijani ni zile za farasi. Vistari vyeusi ndo mtego wenyewe: vinaonyesha kwamba kuna njia ardhini lakini havisemi kama una haki ya kupita. Rangi ya kijani ndo haki, nyeusi ni umbea. Karatasi ukinunua inakuja na namba ya siri ya kushushia ramani hiyo hiyo kwenye simu, fanya hivyo ukiwa nyumbani kwenye waifai, msituni mtandao unakatika na baridi inakula betri.

3. Chora mduara wako

Tafuta kijiji chenye basi au sehemu halali ya kupaki. Usipaki mbele ya geti la shamba hata kama linaonekana halijafunguliwa tangu enzi za babu, trekta likija ni wewe litakayekupigia honi. Jumapili mabasi ya vijijini ni machache au hakuna kabisa, angalia ratiba ya kurudi kabla ya ya kwenda.

Alafu angalia vistari vya kijani vinatoka kijijini kwa pande ngapi. Unataka utoke kwa upande mmoja urudi kwa mwingine, katikati kuwe na msitu, na barabara ya magari iwe fupi iwezekanavyo kwasababu zile barabara za vijijini hazina sehemu ya kutembea pembeni. Chukua uzi, ulaze juu ya mstari wote, unyooshe kwenye kipimo. Muda: kuna kanuni ya mzee mmoja Mskoti, Naismith, ya mwaka 1892, inayosema lisaa limoja kwa kila maili 3 na nusu saa zaidi kwa kila futi 1,000 unazopanda. Huyo mzee hakutembea na watoto wala hakutembea kwenye tope la Februari. Mimi napiga kilomita 3 kwa saa nikiwa na familia, na sijawahi kujuta.

Nitumie mfano wa Blean, Kent, ramani ya Explorer namba 150. Ni kijiji kwenye barabara ya kutoka Canterbury kwenda Whitstable, basi linafika. Kanisa lao la zamani, la Watakatifu Cosmus na Damian, halipo kijijini katikati bali limesimama peke yake nje kidogo kati ya mashamba, na njia inayoitwa Crab and Winkle Way inapita hapo hapo. Sehemu ya hiyo njia ilikuwa reli, iliyofunguliwa mwaka 1830 kuunganisha Canterbury na bahari, na vilima vilikuwa vikali mno kwa injini za wakati ule hivyo mabehewa yalivutwa kwa kamba na mashine zilizosimama juu ya kilima.

Kwahiyo unaanzia kanisani, unaelekea kaskazini kwa Crab and Winkle, unapita mashamba ya wazi, alafu unaingia msitu wa Clowes Wood. Ndani yake kuna bwawa linaitwa Winding Pond, maji yake ndo yalikuwa yanalisha hiyo mashine ya kuvuta kamba, sasa hivi pana meza za kukaa na hapo ndo tunakulaga chapati na chai ya thamosi. Kutoka hapo usirudi ulikotoka, tafuta vistari vya kijani vingine vinavyokurudisha kijijini kupitia mashambani, vipo, na kwa mwendo wa kusimama simama utakuwa umemaliza asubuhi nzima.

Kama bado ramani inakuogopesha anzia upande wa Rough Common, jirani kabisa na Blean, kwenye hifadhi ya Blean Woods ya RSPB, lile shirika la kulinda ndege. Kule kuna mizunguko imeshawekewa alama za rangi, mfupi ni kama maili moja, mrefu kabisa ni maili 8, unachagua rangi unaifuata mpaka inakurudisha kwenye maegesho. Nilianza hivyo na sioni aibu.

4. Miguuni, na saa

Blean iko juu ya udongo wa mfinyanzi mzito, na hiyo ndo sababu mojawapo msitu bado upo: ardhi ilikuwa mbaya kwa jembe, watu wakaiachia miti. Kwako wewe maana yake ni tope. Kuanzia Novemba mpaka Machi raba zako nyeupe zitakufa kifo kibaya. Buti za kupandia milima zinazofunika kifundo, au gambuti kabisa kama safari ni fupi. Suruali ndefu hata kiangazi kwasababu pembeni ya njia kuna majani yanayowasha kama upupu na miba ya zile berry nyeusi. Soksi za akiba kwenye begi, utanikumbuka.

Saa ndo kitu kinachowapata watu wetu. Kwetu jua linazama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima hivyo kichwa hakina kengele. Huku Kent katikati ya Desemba linazama saa kumi kasoro robo ya jioni, nasema saa kumi ya Kiswahili, na ndani ya msitu giza linatangulia nusu saa. Juni unajimwaga mpaka saa tatu usiku. Kipindi cha baridi mimi naanza asubuhi na hesabu yangu ni kuwa nje ya miti saa nane mchana. Wanaoswali, adhuhuri na alasiri za Desemba zinafuatana sana, unaweza kuziwahi zote mbili njiani, mkeka mdogo wa kukunja na dira ya simu vinatosha, nimeswali mara nyingi kando ya njia na aliyewahi kunisumbua ni mbwa mmoja tu aliyekuja kunusa.

5. Ukiwa shambani

Geti uliache ulivyolikuta. Lilikuwa wazi liache wazi, pengine ng'ombe wanapita hapo kwenda kunywa maji, lilikuwa limefungwa lifunge. Yapo ya aina tatu nne hivi, kuna lile dogo linalozunguka ndani ya kizimba ambalo mnapita mmoja mmoja (na mtoto kwenye kigari hapiti, usijisumbue), kuna ngazi fupi ya mbao ya kuvukia fensi, ikiloa inateleza kama bamia, shuka kinyumenyume.

Mkulima akilima juu ya njia inayokatiza katikati ya shamba sheria inamtaka airudishe, siku 14 kwa ule ulimaji wa kwanza, na akishapanda aache upana wa angalau mita moja bila mazao kwa njia ya miguu. Wengi wanafanya, unakuta kamstari safi kabisa katikati ya ngano kama mtu kachana nywele. Wengine hawafanyi. Ukikuta hakuna alama, haki yako ni kufuata mstari ule ule wa kwenye ramani ukapita katikati ya mazao, mmoja nyuma ya mwingine, hata kama roho inakusuta. Mimi roho inanisuta sana, nimekulia kwenye shamba la mahindi, bibi angeniona nakanyaga ngano ya mtu angenichapa, lakini ukizunguka pembeni ndo unakuwa umetoka njiani.

Sasa ng'ombe. Usicheke, wewe umezoea ng'ombe wa kwetu wanaoswagwa na mtoto wa miaka saba. Hawa wa huku ni wakubwa, hawajazoea watu, na wakiwa na ndama wanageuka wengine kabisa, kila mwaka watu huku wanaumizwa nao na wapo wanaokufa. Pita mbali na ndama, usiwe kati ya mama na mtoto wake, usikimbie, tembea kawaida bila kupiga kelele. Ng'ombe vijana wanakufuata kwa umbea tu, geuka, simama, nyoosha mikono, wanasimama. Una mbwa, mfunge kamba fupi, ila ng'ombe wakikujia kwa hasira MUACHIE mbwa. Wanamtaka yeye sio wewe, na yeye anakimbia kuliko wewe. Kuna siku niliona kundi limejazana getini pale pale ninapotakiwa kupita, nikapita pembeni nikarudi njiani mbele yake, bora kuzunguka ukiona hatari ya kweli. Fahali nao wana sheria yao: wa aina za maziwa akishavuka miezi 10 haruhusiwi kuwekwa kwenye shamba lenye njia ya umma, wa aina za nyama anaruhusiwa akiwa pamoja na majike. Ila nani anaenda kumkagua.

6. Ukiwa msituni

Huku wanaposema msitu wa kale wana maana maalum, kwa England na Wales ni eneo ambalo limekuwa msitu mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla. Wamechagua huo mwaka kwasababu kabla ya hapo watu walikuwa hawapandi misitu sana, hivyo kama ulikuwepo 1600 huenda ulikuwepo siku zote. Imebaki kama asilimia 2.5 tu ya ardhi ya Uingereza yote. Kinachofanya kitu kiwe cha kale hapa sio lazima mti, miti inaweza kuwa ya juzi tu, ni udongo ambao haujawahi kulimwa. Ndo maana Clowes Wood ile, ambayo sehemu kubwa walipanda misonobari ya mbao, bado inahesabika ya kale kwa chini.

Utaujuaje? Angalia pembezoni kama kuna tuta la udongo refu na mtaro kando yake, hilo lilichimbwa karne nyingi zilizopita kuzuia mifugo isile machipukizi. Angalia mashina: ukiona kisiki kimoja kipana kimetoa vijiti vitano sita vilivyosimama wima kama vidole, huo ni mti uliokuwa unakatwa kila baada ya miaka kadhaa na kuachwa uchipue upya, kama tunavyofanya mikaratusi kwetu. Kent walifanya hivyo kwa michestnut, nguzo zake zikaenda kwenye fensi na kwenye mashamba ya hopsi, mmea unaotiwa kwenye bia. Watu wanadhani msitu wa kale ni msitu usioguswa na mtu, kumbe hapa umekatwa kwa mamia ya miaka na ndo uhai wake, jua likiingia chini maua yanaamka.

Na maua ndo yenyewe. Mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Mei bluebell zinafunika chini yote, rangi ya bluu ya zambarau, ukiwa mbali unadhani ni moshi umelala. Usizikanyage, zikikanyagwa majani yanavunjika na zinachukua miaka kurudi, na kung'oa vitunguu vyake bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya 1981. Sehemu zenye unyevu utasikia harufu ya kitunguu saumu kabla hujaona kitu, ni majani pori yanayoliwa, ila yapo mengine yanayofanana nayo na ni sumu, yanaota pamoja yamechanganyika, kwahiyo mimi nanusa naendelea na safari.

Miezi hiyo hiyo nyamaza kidogo usikilize. Blean inajulikana kwa ndege mmoja wa kahawia asie na sura yoyote, nightingale, anaimba mpaka usiku, na yeye majira ya baridi anaenda Afrika Magharibi. Ndege mwingine ni kekeo, yaani cuckoo, wa Uingereza walifungwa vifaa vya setilaiti kuanzia 2011 ikaonekana wanakaa baridi yote kwenye misitu ya Kongo. Mara ya kwanza nilipomsikia kekeo pale Blean nikamwambia mke wangu huyu ana viza nzuri kuliko yetu.

Upande wa mashariki kidogo, West Blean na Thornden, Julai 2022 waliachia nyati wa Ulaya (bison) watatu majike ili wavunje vunje miti badala ya mashine, na Septemba mmoja akazaa, hata wasimamizi hawakujua ana mimba. Wako ndani ya fensi, ukienda kwa matumaini ya kuwaona jiandae kuona fensi.

7. Ukirudi

Pub ya kijijini sio ya pombe tu, utapata chai, chipsi na choo, ila vua buti mlangoni au uliza kama zinaruhusiwa kuingia. Ulikokuta njia imefungwa, geti limefungwa mnyororo au daraja limevunjika, piga picha uitumie halmashauri ya kaunti kwenye tovuti yao, wana fomu ya hiyo kazi na wanalazimika kushughulikia, mimi niliripoti ngazi iliyooza na ilichukua miezi minne ila ikatengenezwa.

Nyumbani kabla ya kuoga jikague kupe, hasa nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, na watoto kwenye nywele. Wa huku ni wadogo kama mbegu ya ufuta. Ukimkuta mtoe kwa kibanio chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi uvute taratibu moja kwa moja, usimpake mafuta wala kumchoma na kiberiti. Ndani ya wiki chache zinazofuata ukiona wekundu unaotanuka pale alipouma, au homa isiyoeleweka, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa msituni, kuna ugonjwa unaitwa Lyme na ukiwahiwa antibayotiki zinaumaliza. Buti zijaze magazeti uziweke mbali na hita, ngozi ikikaushwa kwa moto inapasuka, na tope usilioshe likiwa bichi, subiri kesho likauke uligonge nje.